Chumvi Niliyoifunga Kwenye Kikwembe

Uvira, Jumapili, jua likianza kushuka

Feliksi mwanangu,

Masista walitufundisha kuanza barua kwa salamu ndefu na kuuliza habari za afya. Mimi afya yako naijua. Mchana huu umekula bugali sahani mbili na samaki wa mukeke mzima, na sasa nakusikia nyuma ya nyumba ukibishana na baba yako namna ya kufunga sanduku kwa kamba. Kwa hiyo salamu naziacha. Nakuandikia kwa sababu nikikuambia kwa mdomo, baba yako ataingia katikati, dada yako Sifa atacheka, jirani atapita kuaga, na mimi mwenyewe nitaanza kulia kabla sijafika kwenye maana. Karatasi hainikatizi.

Nilisoma madarasa machache, unajua, lakini mwandiko wangu Sista aliwaonyesha wengine wauige. Tazama hiyo F ya jina lako. Niambie ni mwanamke gani mwingine hapa Nyamianda anaweza kuandika F ya namna hiyo.

Sitakuandikia juu ya chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala misa, wala wasichana wa Usumbura. Hayo umeyasikia mpaka masikio yamejaa. Nataka kukuambia juu ya kazi. Najua utasema, mama anajua nini mambo ya biro, ya ofisini? Ngoja.

Lakini kwanza uniache nijisifu kidogo, maana leo ni siku yangu. Asubuhi, baada ya misa, nimewaambia watu wote kwamba kesho mtoto wangu anapanda kamyo ya mizigo kwenda Usumbura kuwa kapita, msimamizi wa makarani na wapimaji katika biro ya mashauri. Nimewaambia hata wale niliokuwa nimewaambia Jumapili iliyopita. Mama Yohana, yule mpishi wa karamu wa upande wa pili wa soko, akajifanya hajaelewa.

"Biro ya mashauri ndiyo nini?"

Nikamweleza polepole, watu wote wasikie. Mwenye shamba au mwenye duka hajui afanye nini. Anakuja kwa mtoto wangu. Mtoto wangu na watu wake wanakwenda, wanapima, wanauliza, wanaandika, halafu wanamwambia: fanya hivi, usifanye vile. Naye analipa.

Mama Yohana akashika kiuno. "Analipa maneno?"

"Analipa maneno."

"Basi weye, Mama Feliksi, ungekuwa tajiri kupita gavana!"

Watu walicheka mpaka padri akageuka kututazama. Mimi pia nilicheka, maana ni kweli, mashauri nimeyatoa bure maisha yangu yote, hata kwa wasioyataka.

Leo nacheka. Lakini siku zile za homa yako sikucheka, na hofu yangu sikukuonyesha. Ulipokuja kutuambia kuwa Bwana wa biro anataka mtu wa kwenda kuongoza watu wake Usumbura, na kwamba jina lako liko mbele, nilimshukuru Mungu. Kisha Bwana mwenyewe akapita hapa nyumbani, akasimama mlangoni na kofia yake, akamwambia baba yako: "Feliksi anajua kufanya kazi. Kama anajua kufanyisha watu kazi, hilo bado sijaliona." Akasema ile kazi ya kupima njia ya mfereji wa maji kwa mashamba ya pamba kule bonde la Ruzizi itamwonyesha. Wewe na wasaidizi wako muimalize kabla mvua hazijaanza. Ikimalizika kwa mikono ya wote, utakwenda Usumbura. Ikikwama, atakwenda mwingine.

Baba yako alisikia kwamba utakwenda. Mimi nilisikia kwamba atakwenda mwingine, kwa sababu mtoto wangu nilimjua. Tangu ukiwa mdogo hukumwachia mtu kukufungia hata kamba ya kiatu. Nilipopita biro kukuletea chakula, ulikuwa umeinama mezani, jasho linakutoka, na Kalisti, yule msaidizi wako, yuko nje kwenye ngazi anatupia mijusi vijiwe. Nilimuuliza, "Kalisti, leo hakuna kazi?" Akanijibu kwa adabu, akikutaja kama kaka yake mkubwa, "Kazi iko, Mama. Iko na yaya Feliksi."

Nilirudi nyumbani na lile jibu. Nililijua. Nililisikia zamani kwa mdomo wa mtu mwingine, na lilikuwa linanihusu mimi.

Halafu homa ikakushika. Hukuweza kukaa, lakini ulitaka karatasi ziletwe kitandani. Kalisti alikuja, akasimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Yaya, tupime upande gani?"

"Ngojeni. Nitakuja minye mwenyewe."

"Lini, yaya?"

"Nitakuja, nimesema!"

Hata kuinua kichwa ulikuwa huwezi. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima. Nilikuwa nakupangusa shingo kwa kitambaa, na neno likanitoka lenyewe: "Feliksi, chumvi iko na weye." Ukafumbua macho. Ukacheka, na homa ile ile. Na nikaona umeelewa.

Ile hadithi ya chumvi mnaijua wote nyumbani. Baba yako huwasimulia wageni akitaka kunichokoza, na huishia pale ng'ombe wanapoingia. Anaishia pale kwa sababu ndipo watu wanapocheka. Yaliyofuata hayajui vizuri. Nataka uende nayo yote.

Kwa wapishi wa karamu hapa kwetu, anayeongoza wenzake ndiye anayeshika chumvi. Tulikuta hivyo kwa mama zetu, wakati chumvi ilitoka Uvinza, ng'ambo ya ziwa, na ilikuwa kitu cha kuchungwa. Ikajaa madukani, lakini desturi haikutoka. Mimi niliifunga kwenye pembe ya kikwembe nilichojifunga, fundo kubwa kama ngumi, likining'inia kiunoni. Nikitembea linanipiga paja, na watu wanajua: shefu ni huyo. Wengine wakate kuni, wengine watwange sombe, majani ya muhogo, wengine wageuze bugali, lakini hakuna sufuria iliyotoka motoni kabla mimi sijafungua fundo langu. Nilipenda hivyo, nikuambie ukweli. Nilipenda kuona wanawake wazima wanashika miko yao juu na kuningoja.

Ndipo tukaitwa Kiringye kupika arusi. Wenye arusi walikuwa Barundi wa bonde, wakulima wenye ng'ombe zao, watu wakarimu. Walinifuata mpaka huku Uvira, wakawapita wapishi wote wa njiani. Nilikwenda na wanawake wangu, pamoja na Veneranda, yule mwenye maneno machache aliyekuletea ndizi ulipokuwa mgonjwa. Mama Yohana pia, maana wakati ule alikuwa bado kwangu.

Vyakula vilikuwa karibu kuiva wakati mashangazi wa bibi arusi waliponiita ndani. Walitaka shauri: waanze kupakuliwa wajomba wa bwana arusi, au chifu na watu wake? Jambo kama hilo, waniulize mimi! Nikaketi. Nikawapa shauri. Nikawasimulia arusi nyingine iliyoharibika kwa sababu ya wajomba. Wakasema, "Eh, Mama, endelea." Nikaendelea.

Huko nje baba wa bwana arusi akachoka kungoja. Wageni wana njaa, vijana wake wakaja kubeba masufuria. Veneranda akasimama mbele yao.

"Bado."

"Bado nini? Si imeiva?"

"Imeiva, lakini bado."

Nani angesikiliza maneno kama hayo? Wakabeba.

Mimi ndani nilisikia kimya. Karamu nzuri ina kimya chake, watu wanatafuna na hawana nafasi ya kusema. Hiki kilikuwa kimya kingine. Halafu mzee mmoja akapaza sauti: "Enyi watu wa ziwani! Huku kwetu chumvi tunampa hata ng'ombe!"

Uwanja wote ukacheka. Nikatoka mbio, na lile fundo linanipiga paja mbele ya macho ya wote. Hakuna aliyehitaji kuuliza chumvi iko wapi.

"Veneranda! Kwa nini hukuweka chumvi?"

"Chumvi iko na weye, Mama."

Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama mtu anayekuonyesha njia. Na njia nzima ya kurudi, Mama Yohana alitembea nyuma yangu akilia kama ng'ombe.

Hapa ndipo baba yako anapoishia. Sikiliza sasa.

Nilimkasirikia Veneranda muda mrefu. Nilijiambia hana akili. Angeshindwa nini kuja kuniita? Nilikuwa nimesahau kwamba aliyekuja kuniita nikiwa ninaongea, siku zote nilimfukuza. Nilikuwa nimewafundisha kungoja, tena nimewafundisha vizuri.

Basi, karamu iliyofuata, ubatizo hapa hapa Nyamianda, nilifika na hasira. Nikafungua fundo, nikamwaga chumvi kwenye jani karibu na moto. "Haya, wekeni wenyewe! Minye sitaki tena maneno ya ng'ombe." Nikaenda kukaa kwenye kiti kama mke wa chifu, nikipepea uso. Nilidhani nimekuwa shefu mwema, aliyewaachia watu kazi.

Mama Yohana akaweka chumvi kwenye sombe. Veneranda hakumwona, akaweka. Jirani aliyekuja kusaidia akaona jani la chumvi limekaa tu, akafikiri wamesahau, akaweka na yeye. Katekista alikula kidogo, akaomba maji, akaomba tena, akashika kibuyu asikiachie. Pombe ya kasiksi iliyopikwa itoshe mpaka jioni ilikwisha jua likiwa bado kichwani. Nilipowauliza wanawake, kila mmoja akaniambia, "Nilifikiri hakuna aliyeweka." Wote walisema kweli. Sikuwa na wa kumgombeza. Chumvi nilikuwa nimelikabidhi jani.

Feliksi, kwenye biro utachoka, utakasirika, utasimama mbele ya watu wako useme, "Kazi hii ifanyike." Ukisikia mdomo wako unasema hivyo, kumbuka katekista na kibuyu chake. Mtaje mtu. Mwangalie usoni. Sema: hii ni yako, na hii ni ya mwenzako.

Baada ya hapo nilimpa Veneranda peke yake chumvi ya sombe. Nikaona nimekuwa na akili sasa. Lakini moyo haukutulia. Alipoweka chumvi na kugeuka, mimi nilipita nyuma yake, nikaonja, nikaongeza kidogo. Karamu baada ya karamu. Sikuona ubaya, nilijiambia namsaidia asiaibike. Na ajabu, kila mara nilipoonja, chumvi ilizidi kupungua. Siku moja nikamuuliza.

"Veneranda, mkono wako umekuwaje? Siku hizi unapika kama mgonjwa."

"Napunguza, Mama."

"Unapunguza kwa nini?"

"Kwa sababu najua utaongeza nyuma yangu. Nikiweka yote, na weye ukaweka, itazidi. Watu watasema ni Veneranda."

Mwiko nikauweka chini. Na yeye, asiyesema, siku hiyo akasema: "Kama ni yako, chukua. Kama ni yangu, uniachie."

Nilikwenda kukaa mchangani karibu na ziwa. Nilikasirika mpaka nikasahau kikapu changu kwa watu. Nilitafuta mahali alipokosea nisipaone. Kwa sababu fikiria: nilimpa kazi halafu nikaifanya mimi kwa siri, akaacha kuifanya. Ningefanya nini kingine kama ningetaka kumharibu?

Kesho yake nilimwita. Nikamwambia nisivyowahi kumwambia, maana zamani nilimwambia tu weka kiasi hiki, koroga hivi. Nikasema: "Veneranda, minye nataka mzee asiye na meno na mwanamke mwenye mimba, wote wawili wamalize sahani, na asiwepo anayeomba maji. Utafikaje hapo ni shauri lako." Nikamwambia pia, "Nyama ikianza kunuka, au wageni wakizidi wale tulioambiwa, niite. Hata nikiwa naongea na padri, niite, na sitakufukuza." Nikamwomba anirudishie kwa mdomo wake kile alichosikia. Na ni vizuri nilimwomba, maana alikuwa amesikia kwamba sombe anayopika sasa iwe laini kama ya watoto! Tukacheka, tukaelewana.

Halafu nikakaa kwenye kigoda na kukalia mikono yangu. Usifikiri ni maneno. Niliikalia kweli, mpaka ikafa ganzi. Sombe ya kwanza haikuwa kama yangu. Ya pili haikuwa kama yangu. Lakini wageni walimaliza sahani, na hakuna aliyeomba maji. Nikaona kwamba kazi haikuwa kupika sombe yangu. Kazi ilikuwa watu washibe na waondoke wakitusifu.

Na kusifiwa, hapo ndipo palipouma. Mama mmoja alikuja na sahani mkononi: "Mama Feliksi, sombe yako hii!" Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka kusema asante. Unanijua. Nikaufunga. Nikasema, "Ni ya Veneranda, yule pale." Iliniuma kama jino linalong'olewa. Lakini ungemwona Veneranda alivyosimama! Karamu iliyofuata alifika kabla yangu.

Siku nyingine maharagwe yalitoka na mchanga. Mwenye karamu akaja akipiga kelele, anataka kujua ni nani aliyeyachagua. Nilijua ni nani. Nikasimama mbele yake, nikasema, "Karamu ni yangu, Baba. Maneno yote niambie minye." Akaniambia, tena akaniambia sana. Baadaye, tulipobaki peke yetu, nikamwambia Veneranda maneno yangu, kwa sauti ndogo. Alilia, kisha akaenda kuchagua maharagwe ya kesho yake punje kwa punje. Hata baada ya siku hiyo sijapita tena nyuma yake, na hajapunguza chumvi tena.

Sasa nikuambie faida, maana wewe ni mtu wa biro, unapenda faida. Mikono yangu ilipofunguka, niliweza kuacha karamu moja kwa Veneranda hapa Uvira na mimi kwenda nyingine Kavimvira siku ile ile. Ndipo jina langu lilipokwenda mbali. Watu wanafikiri lilikwenda kwa sababu ya mkono wangu wa chumvi. Waache wafikiri.

Na Mama Yohana? Kwangu miaka ile yote alikata kuni na kusugua masufuria, kwa sababu ana nguvu, na kwa sababu masufuria yake yaling'aa. Sikumpa hata siku moja sufuria ya kupika. Kila nilipomtazama niliona kuni. Akaondoka, akakusanya wanawake wake, na leo wanamwita kwenye arusi ambazo zingekuwa zangu. Anapika vizuri. Sitasema zaidi ya hapo. Ila wewe, usimpe mtu kazi chafu siku zote kwa sababu tu anaifanya vizuri. Mpe na ile tamu, hata kama ungeipenda wewe.

Basi turudi kitandani kwako, na homa yako. Ulipomaliza kucheka ulimwita Kalisti akaribie. Nilijifanya nakunja nguo, lakini nilisikia yote. Hukumwambia weka kamba hapa, pima pale. Ulimwambia, "Kalisti, nataka maji yafike shamba la mwisho wakati wa kiangazi. Hiyo ndiyo kazi. Mkikuta mwamba, tuma mtu aniambie kabla hamjageuza njia." Akauliza, "Nikiona njia nyingine, yaya?" Nikaona taya yako inajikaza. Kisha ukasema, "Pitia hiyo, ukiweza kunieleza kwa nini." Kijana alivaa kofia yake, akaondoka karibu kukimbia. Nilikuwa sijapata kumwona akitembea hivyo.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwangu kuliko kwako. Wewe ulilala. Mimi nilikuwa natoka nje kutazama milima kama mawingu yameshuka, narudi kukutazama kama umeamka kudai viatu. Viatu nilikuwa nimevipeleka kwa jirani. Ndiyo, ni mimi. Uliambiwa vimepelekwa kushonwa.

Kalisti alirudi na karatasi, mwandiko wake umelala upande kama majani yaliyopigwa na upepo. Alikuwa ameanza kupima kutoka chini, kwenye shamba la mwisho, akipanda juu, na si kama ulivyozoea. Ulisoma, midomo umeibana. Ukachukua kalamu. Hapo niliogopa, mwanangu. Nilijisemea, sasa atapita nyuma yake, ataandika yote upya, na kila kitu kitakuwa kimeharibika. Ukaweka kidole mahali pamoja. "Hapa hukusema udongo ukoje. Kaa hapo, uandike." Ukampa yeye ile kalamu.

Nilitoka nje, nikamwita baba yako, nikamwambia, "Atakwenda Usumbura." Akaniuliza nani kaniambia. Nikamwambia, "Kalamu."

Na Bwana alipoisoma alinung'unika juu ya mwandiko, si ndiyo? Lakini akauliza nani alipima, ukasema Kalisti. Akauliza shauri la njia ni la nani, ukasema Kalisti. Kalisti mwenyewe ndiye aliyekuja kunisimulia, akisahau hata kuketi. Mvua ya kwanza ilinyesha kazi ikiwa mezani kwa Bwana. Nililala usiku ule kama mtu aliyetua mzigo wa kuni wa safari nzima.

Kwa hiyo sina hofu kubwa sasa. Ndogo ninayo. Kule Usumbura watu wako hutawajua, na mtu akiwa ugenini anarudia tabia yake ya kwanza. Umesema kuna mzee wa Buyenzi, mtaa wa huko huko, aliyekuwa anangoja nafasi hiyo uliyopewa wewe. Mwite Mzee, mbele ya watu na nyuma yao. Usimkimbilie na amri siku ya kwanza. Muulize anapenda kazi gani, na ipi amechoka kupewa. Na ukiona ananyamaza tu na kungoja mdomo wako, usiseme hana akili kama mimi nilivyosema. Jipapase kiunoni kwanza, uone kama fundo liko kwako.

Na ukikosea, maana utakosea, usijilaze chini. Mimi nilikosea kwa kushika, nikakosea kwa kumwaga, nikakosea kwa kupita nyuma, na bado mimi ndiye mpishi wa kwanza wa pwani hii. Muulize mtu yeyote, isipokuwa Mama Yohana.

Kuna kitu cha mwisho. Chakula cha leo cha kukuaga, ulikisifu, ukanishukuru mbele ya wote. Sikukujibu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa, na pia kwa sababu nilitaka kukaa na sifa hiyo kidogo. Sasa nairudisha. Ni Sifa aliyepika. Asubuhi nilimfungulia fundo, nikampa chumvi yote, nikaenda misani kujisifu. Nilirudi sikufunua sufuria. Mukeke ulizidi chumvi kidogo, kidogo sana, na sikusema. Naandika tu hapa, maana barua si kusema. Nimekaa na wageni, nimekula na mtoto wangu siku ya mwisho, mwanzo mpaka mwisho, bila kuamka hata mara moja. Miaka yote ya karamu sikuwa nimekula chakula chote nikiwa nimekaa.

Na kesho nitakusindikiza mpaka kwenye kamyo mikono mitupu. Kikapu atabeba Sifa, sanduku baba yako. Mimi nitakushika mkono tu, na usinionee haya mbele ya wale vijana wa kamyo. Usumbura si mbali. Jioni tunaona taa zake ng'ambo, na sasa nitajua moja ni ya nani.

Sanduku lako nalo amelipanga Sifa. Nilitaka kulifungua nitazame kama ameweka blanketi chini na mashati juu, au kinyume. Sijalifungua. Barua hii nampa sasa hivi, nimwambie, "Yaya yako aione akiwa amefika, si njiani." Ataiweka wapi ni shauri lake. Sitauliza.

Kama unaisoma, basi ameiweka vizuri. Umwandikie umwambie hivyo. Yeye, si mimi.

Mama yako anayekupenda,
Mama Feliksi